Watoto wa Samaki Wasiotazamiwa



Juma hili twajibu barua ya mwanafunzi mmoja wa upande wa Djugu. Atuambia kwamba baba yake alileta tilapia 12 kutoka Ziwa Albert, wakubwa kama kiganja cha mtu mzima, akawatia katika nusu ya pipa iliyofukiwa ardhini nyuma ya jiko. Shabaha yake ilikuwa wanenepe hata Noeli, ndipo waliwe. Lakini asubuhi moja watoto wa nyumba waliona kitu kama wingu dogo jeusi likichezacheza pembeni mwa maji. Walipoinama wakakuta ni samaki wadogo, wembamba kama sindano, wasiohesabika. Ndugu zake wataka kuwamwaga mtoni. Bibi yake asema ni baraka, waachwe hapo hapo walipo. Naye atuuliza: ni nani mwenye haki?

Twajibu hivi: bibi ana haki kuwaita baraka, lakini haifai waachwe hapo hapo. Na kuwamwaga mtoni ni vibaya zaidi. Kwa kuwa watu wengi hufuga samaki nyumbani, wengine katika pipa, wengine katika kidimbwi, na huko mijini wengine katika sanduku la kioo, twaona yafaa kulieleza jambo hili vema.

WALITOKA WAPI?

Tilapia, ambaye wavuvi wengi wamwita ngege, nao wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania wamwita sato, ana namna yake ya kulea. Dume huchimba kishimo chini ya maji kwa mdomo wake. Jike hutaga humo, dume huyarutubisha mayai, na mara jike huyakusanya yote kinywani mwake. Humo kinywani mayai huanguliwa baada ya siku chache, na humo watoto hukaa mpaka ile akiba ya kiini waliyozaliwa nayo imekwisha. Jumla ni kama siku 10 hadi 14. Muda huo wote mama hali kitu, au hula kidogo kabisa. Hata akiisha kuwaachilia, wakiona kivuli cha hatari hurudi mbio kinywani mwake. Basi si ajabu kwamba nyumbani mwa mwanafunzi wetu hakuna aliyeona yai hata moja.

Tena yuko mtu atakayesema: “Lakini samaki wetu walikuwa wadogo bado!” Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ziwani, penye nafasi na chakula tele, tilapia hukawia kuzaa mpaka awe mkubwa. Katika maji finyu huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na uzito wa gramu 30 au 50. Jike mdogo wa namna hii aweza kutoa watoto 100 au 200. Mkubwa hupita 1,000. Na maji yakiwa na joto, hurudia kila majuma 4 hadi 6.

KWA NINI WASIACHWE HAPO?

Kwanza, samaki wakubwa watawala. Pili, wale watakaopona watagombania chakula na hewa pamoja na wazazi wao. Watadumaa wote, nao wakiwa bado vidole vitupu wataanza kuzaa tena. Mwaka ukiisha, mwenye pipa atavua mifupa na magamba.

Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Wabelgiji iliwahimiza watu wa Kongo kuchimba vidimbwi. Karibu na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, palikuwa na kituo cha Kipopo kilichochunguza ufugaji wa tilapia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, vidimbwi katika nchi nzima vilikuwa vimepita 100,000. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 vingi viliachwa vikaota majani. Sababu zilikuwa nyingi: wengine walichimba kwa kuamriwa tu, washauri walikosekana, na machafuko yalifuata. Lakini mojawapo ya sababu ilikuwa hii tunayoisema. Watu walitia samaki wachache, wakavuna maelfu ya samaki wadogo wasioshibisha, wakavunjika moyo. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewafundisha kwamba watoto wa samaki wataka kutengwa.

SIKU ZA KWANZA

Sasa, mwanafunzi mpenzi, fanya kazi hii pole pole. Usimshike mama ambaye mashavu yake yamevimba na mdomo wake umefungwa. Akishtuka atawatema watoto kabla ya wakati wao, au atawameza. Ngoja mpaka watoto wenyewe wametoka na kuogelea kundi moja juu ya maji. Asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, wateke kwa kikombe kikubwa au chujio la chai.

Hapa twataka kuonya. Msikate chandarua cha kitanda ili kufanya wavu. Chandarua ni cha kuwakinga watoto wa nyumba na malaria. Tena dawa iliyotiwa ndani yake huua mbu, na kwa samaki ni sumu kali.

Watie katika beseni pana. Beseni pana lafaa kuliko ndoo ndefu, maana hewa huingia majini kwa juu, na maji yenye uso mpana hupata hewa zaidi. Maji ya kwanza yawe yale yale ya pipa lao, wasije wakashtuka kwa mabadiliko. Kisha kila siku mbili tatu ondoa theluthi moja, utie maji mapya ya chemchemi au ya mvua. Maji ya bomba yenye klori yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi. Ukiona watoto wote wamepanda juu wakitweta kwa vinywa vyao, ujue hewa imekwisha: badili maji mara moja.

Chakula chao kizuri cha kwanza ni maji ya kijani. Funga samadi kavu ya mbuzi au ya kuku katika kifuko, uitie katika chombo kingine cha maji juani. Baada ya juma moja hivi maji yatageuka rangi, kwa kuwa yamejaa vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila siku wamiminie kikombe cha maji hayo. Kisha waongezee unga laini: pumba za mahindi au za mchele zilizochekechwa, pamoja na kumbikumbi waliokaushwa na kusagwa, maana mtoto wa samaki, kama mtoto wa mtu, hakui kwa unga peke yake. Wape mara 4 kwa siku, tena kidogo sana, kiasi watakachomaliza katika dakika chache. Chakula kilichobaki huoza, na maji yaliyooza yameua vifaranga vya samaki wengi kuliko njaa.

Wenye kukaa juu milimani wajihadhari na baridi. Kando ya Ziwa Albert, karibu mita 620 juu ya bahari, maji yana joto la kutosha. Lakini sehemu nyingi za Djugu zapita mita 1,500. Tilapia hupenda maji ya digrii 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na hakui. Basi beseni likae juani mchana, lakini lisiwe lote juani, na usiku liingizwe ndani. Lifunikwe kwa wavu wa waya au fito zilizosukwa, ili mdiria na chura wasile watoto, na kereng’ende asitage humo, kwa kuwa mtoto wake akaaye majini huwinda samaki wachanga. Pipa nalo lifunikwe kwa nguvu. Mtoto mdogo atambaaye aweza kufa katika maji yasiyofika magotini pa baba yake.

Na je, mbu? Tilapia hula viluwiluwi vyao. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza matokeo ya kutia tilapia katika vidimbwi vilivyoachwa huko Kisii, nchini Kenya: viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya sehemu 9 katika 10. Pipa lenye samaki ni salama kuliko pipa lenye maji matupu.

WAKIZIDI, TUFANYEJE?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, uandike siku uliyowaona, idadi uliyotenga, na waliokufa. Nusu ya pipa la lita 200 ni lita 100 tu, na samaki 12 wa kiasi cha kiganja ni wengi mno humo. Baba asingoje Noeli. Mama zao wakiisha kuwaachilia watoto, jamaa ile ile wanane, ibakize wanne.

Vifaranga wakifika urefu wa kidole, wachague. Wale walio wembamba na dhaifu wasitupwe: wakaushwe au wakaangwe, waliwe wazima pamoja na mifupa yao, kama dagaa. Kwa mtoto aliyeachishwa kunyonya, samaki hao waliopondwa katika uji au mboga ni chakula cha kujenga mwili. Nani kwetu hajaona mtoto wa bwaki, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi?

Walio wazima wakifika gramu 30 au zaidi, waweza kutenganisha madume na majike. Mlaze samaki chali katika kitambaa kilicholowa, tazama nyuma ya tumbo. Dume ana matundu 2. Jike ana 3, na la katikati ni ufa mdogo uliokaa kwa upana. Ukipaka wino kidogo, ufa huo utaonekana dhahiri. Madume hukua upesi kuliko majike. Wakikaa peke yao hakuna watoto wengine wasiotazamiwa. Mwenye kidimbwi kikubwa aweza pia kutia kambale wachache ili wale vifaranga, mradi kambale hao wawe wadogo kuliko tilapia wake wakubwa.

Lakini mtoni, hapana! Djugu imekaa mgongoni mwa Afrika. Vijito vya mashariki hushuka Ziwa Albert, na maji yake hufuata Nili mpaka Misri. Vya magharibi huingia Ituri, kisha Aruwimi, kisha mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Mtu akibeba ndoo ya samaki kutoka upande mmoja na kuimwaga upande mwingine, amevuka mpaka ambao Mungu Mwumba aliuweka kati ya maji na maji. Twamkumbuka yule samaki mkubwa ambaye sisi twamwita kapiteni na Watanzania wamwita sangara. Asili yake ni maji ya Nili, hata hapa katika Ziwa Albert. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alitiwa Ziwa Viktoria. Baada ya miaka 20 hivi alikuwa amejaa ziwa zima. Alileta biashara kubwa, ni kweli. Lakini aina nyingi sana za samaki wadogo waliokuwa huko tu, wala si penginepo duniani, hawaonekani tena. Aliyefungulia ndoo hakuweza kuifunga.

NENO KWA WAZAZI

Asije mtu akachukua maneno haya ya samaki akawapimia watu. Samaki twawahesabu, twawachagua, wengine twawala. Mtoto wa mtu hana siku anayoitwa wa ziada. Tangu Desemba 2017 vita vimewafukuza watu wengi wa Djugu katika vijiji vyao, na nyumba nyingi zimepokea watoto wa ndugu, wa jirani, hata wa mtu asiyejulikana. Nao pia hawakutazamiwa. Nyumba ile ile iliyokuwa na vinywa 6 sasa ina 11. Wazazi waliofungua mlango namna hiyo hawahitaji kuhubiriwa, wahitaji mboga.

Hiyo ndiyo sababu tumeandika kwa urefu juu ya beseni na pumba. Bwana wetu alipowalisha watu maelfu kwa mikate na samaki wachache wa kijana mmoja, hakuacha vilivyobaki vikanyagwe majanini. Aliamuru vikusanywe, na vilijaa vikapu 12. Ukarimu wake na utunzaji wake vilikwenda pamoja.

Basi, mwanafunzi mpenzi, baada ya kuwatenga utawakuta bado ni wengi kuliko beseni lako. Watie 50 katika ndoo yenye maji yao, uipeleke kwa jirani mwenye kidimbwi. Mweleze habari ya kinywa cha mama, ya maji ya kijani na ya matundu mawili na matatu. Ikiwa jirani huyo ni wa kabila ambalo nyumbani kwenu halitajwi kwa wema siku hizi, mpelekee yeye kwanza. Naye vifaranga wake watakapozidi, atajua mlango wa kuwapeleka.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuchimba kidimbwi kisichovuja.