Mkuki Huchoma kwa Ncha

Kile kishale kitembeacho juu ya kioo cha kompyuta si lazima kibaki kama kilivyo. Katika Windows, kijana wa Songea aweza kuchora mkuki wa Kingoni ndani ya mraba wa nukta 32 kwa 32, akauhifadhi kama faili la .cur, nao ukafuata kipanya.

Lakini urembo si kitu pasipo shabaha. Katika picha nzima, kompyuta hutii nukta moja tu, ambayo mchoraji huichagua. Akiiweka kwenye mpini, babaye atalenga “hifadhi” kumbe amebonyeza “futa”, na barua ya kutwa nzima itapotea. Nukta hiyo na iwe nchani. Naye mzee mwenye macho hafifu achorewe mkuki mnene, wenye rangi iliyokoza.