Mfereji Usichimbwe Bila Kibarua Kuulizwa



Kila kiangazi kikizidi huko Kimana, shauri huwa lile lile. Mfereji umejaa matope na matete, maji hayafiki mashamba ya chini, basi na iletwe katapila, uchimbwe mpaka ndani ya kinamasi, maji yashuke kwa nguvu. Upande wa pili husimama watu wa hifadhi. Wao husema kinamasi kisiguswe, maana ndipo wanywapo ndovu watokao Amboseli kwenda Chyulu na Tsavo. Pande zote mbili zina wakubwa wa kuzisemea. Mtu wa tatu, yule ashikaye jembe, hakuna amwulizaye.

Mtu huyo ni kibarua wa nyanya na vitunguu. Hana shamba, hana hisa, hana hati. Wengi wametoka mbali, na wengine wamevuka mpaka kutoka Tanzania. Maji yakikoma, mshahara wake hukoma siku ile ile. Ndovu akiingia shambani usiku, asubuhi huambiwa hakuna kazi, nenda zako. Sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 ilimwekea mwenye mazao fidia, na jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama ikawekewa shilingi milioni 5, ingawa sote twajua jinsi malipo hayo yanavyochelewa. Lakini siku za kazi zilizopotea pamoja na nyanya hizo hazimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Wako wenzetu wasemao kwamba chama cha wafanyakazi yakipasa kisimame na mashamba tu, maana mashamba ndiyo yenye kazi, na ndovu haandiki mtu kazi. Maneno hayo yachekesha, lakini mimi siyakubali.

Maji ya Kimana ni mvua na ukungu wa misitu ya Kilimanjaro. Huzama katika mawe ya volkano, kisha huibuka huku chini kuwa chemchemi. Kinamasi huyapokea, na matete na mafunjo huyazuia yasikimbie, yakatoka polepole hata katika miezi ya jua kali. Ukichimba mfereji wenye kina katikati ya kinamasi, umetoboa mtungi. Msimu wa kwanza maji yatajaa mashambani na kila mtu atamsifu mwenye katapila. Jua likirudi, mtungi ni mtupu, na wa kwanza kufukuzwa kazi ni yule yule kibarua. Tazameni Namelok, jirani yetu, ambako sehemu kubwa ya kinamasi imekwisha kugeuzwa mashamba. Wala si habari ya Kimana peke yake. Bomba la Nolturesh huchukua maji ya chemchemi za mlima huo huo na kuyapeleka mbali, Kajiado, Kitengela, Athi River hata Machakos. Mwenzetu wa kiwandani Athi River afunguaye mfereji wa nyumbani akakuta mkavu, ana haja na jambo hili sawasawa na kibarua wa Isinet.

Tena hifadhi nayo ina kazi. Hifadhi ya Kimana ilifunguliwa mwaka 1996 katika ardhi ya wanachama wa ranchi ya pamoja, na leo ina maaskari wa wanyama, wapishi, madobi na madereva. Hata hivyo tusidanganyike. Mwenye hoteli hulipa kodi ya ardhi, na kodi ile ni haki ya wenye ardhi. Mshahara wa dobi ni jambo jingine, nao haupandi kwa sababu ndovu ni wengi.

Mwaka 2020 palitokea mgogoro wa shamba la parachichi la ekari 180 katika njia ya wanyama. Mamlaka ya mazingira ilitoa kibali, kisha ikakiondoa, na mwaka 2021 baraza la mazingira likaikataa rufani ya wenye shamba. Neno “ajira” lilipigiwa kelele nyingi. Sisi twauliza hivi: kibali kikiondolewa, nani hulipa mshahara wa notisi wa watu waliokwisha kuandikwa?

Ya Lamu yatufundishe. Kule walichimba sakafu ya bahari ili meli kubwa zipate kuingia bandari mpya, na wavuvi wakaharibikiwa na mahali pa kuvulia. Walikwenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ushindi mkubwa, lakini ulikuja baada ya kuchimba, si kabla, na kulipwa kwenyewe kulikuwa safari nyingine ndefu. Kimana hakuna meli, ila mashine ya kuchimba ni mashine ya kuchimba.

Maoni yangu ni kwamba kinamasi kisichimbwe kwa kina. Mifereji iliyopo isafishwe kwa mikono, kwa majembe na sepetu, kila mwaka, na kazi hiyo ilipwe mshahara wa haki. Kisha ijengwe kwa saruji, maana mfereji wa udongo hunywa maji mengi kabla hayajafika kwenye mche. Na katika kamati ya maji, na katika halmashauri ya hifadhi pia, wakae wajumbe waliochaguliwa na vibarua wenyewe. Matajiri watasema kibarua ni mtu wa kupita, leo yupo kesho hayupo. Wasome Sheria ya Ajira ya 2007, fungu la 37: kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi wa hao “wapitao” wamelima shamba moja misimu mitatu.

Makatibu wa matawi ya Kimana, Isinet na Namelok waanze kuandika daftari sasa: jina la kila kibarua, shamba alilimalo, siku alizofanya kazi, na siku alizorudishwa nyumbani kwa sababu ya maji kukatwa au ndovu kuingia. Tukiitwa kwenye kamati, twende na daftari hilo mkononi.