Mche Haumwagiliwi kwa Kengele

Programu nyingi za simu za kufundisha kilimo cha bustani huanza kwa kumwuliza mtu yuko ukanda gani wa baridi. Swali hilo lina maana Marekani, ambako Wizara ya Kilimo imeigawa nchi kwa kufuata ukali wa baridi yake. Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, aliyejaza udongo kwenye ndoo chakavu linamhusu nini? Kwake la kwanza ni maji: ya bomba, ya kununua kwa dumu, au ya kisima chenye chumvi? Maharage hudhoofu kwa maji ya chumvi. Mchicha huvumilia zaidi, na ndani ya wiki tatu au nne unachumwa. Kisha yaje majira. Dar es Salaam ina masika na vuli, Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo hata kalenda moja ya Tanzania nzima itampoteza mtu.

Kwamba programu inaweza kutengenezwa kwa kufuata mazingira yetu, hilo lilishathibitishwa na Nuru, programu iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na washirika kama taasisi ya utafiti wa kilimo IITA na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani la muhogo, simu ikamwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, kwa Kiswahili na bila kuhitaji intaneti. Nguvu yake ni kwamba ilianza na machache: zao moja, magonjwa machache, picha kutoka mashamba ya muhogo ya pwani ya Tanzania.

Lakini mkulima wa muhogo anajua tayari kupanda. Mgeni wa bustani huua miche kwa mkono wake mwenyewe. Hufukia mbegu ya mchicha kina cha kidole, ilhali ni ndogo kama punje ya mchanga. Humwagilia asubuhi, akarudia jioni kwa mapenzi, mpaka ugonjwa wa kinyausi unaozesha shina na mche unalala. Sasa mpe simu inayolia kila siku saa kumi na mbili: mwagilia! Utakuwa umemharakishia msiba. Programu ya maana ingemwambia achomeke kidole udongoni, na kama bado kuna unyevu, aache. Baada ya miezi miwili asihitaji hata kuifungua.

Hapo ndipo biashara inapogoma. Programu ya bure kwa kawaida huishi kwa matangazo au kwa kuuza kitu, na njia zote mbili zinataka mtu aifungue kila siku. Mbaya zaidi ni ile inayotambua ugonjwa na papo hapo kuuza dawa. Vidukari kwenye miche mitano ya sukuma wiki ya kibarazani huondoka kwa maji ya sabuni. Muuzaji wa viuatilifu hana sababu ya kusema hivyo. Daktari anayemiliki duka la dawa tunamtilia shaka, huyu wa kwenye simu tumwamini kwa lipi?

Ndiyo maana ningependa halmashauri zigharimie programu hizi, ushauri uandikwe na maafisa ugani wa eneo husika, na zisiuze chochote, hata mbegu. Kwenye ukurasa wa mbele liwekwe jina la bwana shamba wa kata na siku anazopatikana ofisini.