Bafu Dogo: Tuanze na Sakafu, Vigae Baadaye



Ndugu Waislamu, hapa Nyakiriba, na Rubavu kwa jumla, wanafunzi na familia changa wengi wanapanga chumba kimoja chenye choo na bafu ndani. Bafu lenyewe pengine ni mita moja kwa mita moja na nusu. Likija suala la kulikarabati, mazungumzo na fundi huanzia kwenye rangi ya vigae. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapopotea. Swali la kwanza liwe: maji yanakwenda wapi?

Ipo hadithi waliyoipokea Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na wengineo, inayokataza mtu kukojoa mahali anapoogea. Sasa katika bafu letu choo na mahali pa kuogea ni sakafu moja, tufanyeje? Wanazuoni walikwisha kulizungumza. Ibn al-Mubaarak aliona hakuna ubaya ikiwa maji yanapita na kwenda zake. Ibn Maajah naye, baada ya kuipokea hadithi hiyo, ametaja kauli ya shaykh wake kwamba katazo lilihusu mashimo ya udongo. Ama mabafu ya zama zao yalikandikwa kwa jasi, saruji na lami, basi mtu akimwaga maji juu yake hapana neno. (Naam, saruji, neno hilo hilo tunalolitumia leo dukani.)

Kwa hiyo mteremko wa sakafu ni jambo la twahara kabla ya kuwa jambo la ufundi. Sakafu iliyo bapa, hata ikiwekwa vigae vya bei kubwa, huacha dimbwi pembeni. Mama anayewaogesha watoto watatu hapo hajui tena kipi kimetwaharika na kipi bado, na kila Swala inaanza na wasiwasi.

Fundi ashushe sakafu sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji, na tundu hilo liwe upande wa kuogea, si nyuma ya choo. Bomba la chini yake lipinde ili libakize maji kidogo ya kuzuia harufu. Kisha, saruji ikishakauka na kupakwa dawa ya kuzuia maji, zibeni tundu, jazeni maji sakafuni, muache siku moja na usiku wake. Yakipungua sana, kuna mahali yanapita. Tusisahau kwamba matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yalizipasua nyumba nyingi za mji wetu, na ufa uliofunikwa kwa kigae bado ni ufa. Ukuta ukiwa wa rukarakara ndiyo hatari zaidi: tofali bichi likinywa maji kila siku linalainika taratibu, na mpangaji anaona tu rangi inayobabuka upande wa kitanda.

Kuhusu choo chenyewe, mimi napendelea cha kuchuchumaa. Kinachukua nafasi ndogo na kinaoshwa kwa urahisi, ila nyumba yenye mzee au mgonjwa iweke cha kukaa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuelekea Qibla ndani ya jengo, lakini maadamu mnavunja na kujenga upya, kwa nini msitoke kwenye khitilafu? Kutoka kwetu Makkah iko kaskazini, ikiegemea kidogo mashariki. Choo kikielekea magharibi au kusini-mashariki, mambo yamekwisha. Mlango ufungukie nje, maana mtu akianguka ndani ya chumba kidogo namna hiyo ataufunga kwa mwili wake.

Limebaki la gharama. Mpangaji anayekarabati kwa fedha yake aandikiane na mwenye nyumba, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, ni kiasi gani kitakatwa kwenye kodi na kwa miezi mingapi. Aya ya deni katika Suuratul-Baqarah, ya 282, imetuamrisha kuandika, na mashahidi wawili majirani hawakosekani.

Wa biLlaahi tawfiyq.