Sauti za Wazee Wetu na Chombo cha Kuzisikia

Muziki ni mali ya visiwa hivi kama ilivyo karafuu, na sanduku la santuri lililorithiwa kutoka kwa babu ni hazina isiyofaa kuachwa iliwe na vumbi. Kwa sababu hiyo hatumlaumu mwananchi anayetoa fedha nyingi kununua mitambo ya kusikilizia nyumbani, wala idara ya umma inayotaka kufanya hivyo kwa ajili ya hifadhi. Tunalolitilia mkazo leo ni namna ya kuchagua. Aghalabu mnunuzi hutazama jina la kiwanda na mng'aro wa vifundo, akasahau swali lililo muhimu kuliko yote: je, chombo hiki kitaweza kuzisoma santuri nilizo nazo?

Chombo tunachokisema ni priamplifaya, kinachokaa baina ya sindano na amplifaya kubwa inayoendesha spika. Kazi yake ni nyeti. Umeme utokao kwenye sindano ya kawaida ya sumaku ni kiasi cha milivolti 5 tu, nao hauna budi kukuzwa takriban mara 100. Kasoro yoyote iliyopo hapo hukuzwa pamoja nao. Zaidi ya hayo, wachongaji wa santuri hupunguza sauti nzito ili mifuo isigongane, na katika santuri za miaka ya baadaye huongeza sauti nyembamba ili zishinde mchakato. Ni wajibu wa priamplifaya kuirudisha kila sauti mahali pake.

Hapo ndipo penye mushkeli. Kipimo cha urejeshaji kilichoenea duniani kilikubaliwa mwaka 1954, nacho ndicho pekee kilichomo katika priamplifaya nyingi, hata za bei ya juu. Lakini marehemu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kwa kawaida santuri za zama hizo hazikuongezwa sauti nyembamba. Hivyo chombo chenye kipimo cha 1954 huipunguza sauti ambayo haikuongezwa tangu mwanzo. Matokeo yake ni kwamba fidla na udi husikika kana kwamba vimefunikwa blanketi, na kijana wa leo hudhani kuwa wazee wake waliimba vibaya.

Twashauri basi kwamba mwenye santuri za kale atafute chombo chenye vipimo vinavyoweza kubadilishwa, na chenye swichi ya kuunganisha njia mbili kuwa moja, kwani swichi hiyo hupunguza mikwaruzo. Asisahau sindano nene zaidi, maana mifuo ya santuri za mizunguko 78 ni mipana. Ahakikishe kuwa chombo ni cha volti 230, na kwamba fundi wa hapa anaweza kukifungua na kukitengeneza, kwa kuwa hewa ya chumvi haichelewi kula viungo vya shaba.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni anasa wakati wananchi wanahitaji maji na dawa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuombi fedha za dawa zinunuliwe mitambo. Tunachosema ni kwamba fedha ya umma ikishatengwa kwa kazi hii, ni israfu kuitumia kununua chombo kinachoipotosha sauti kinayotakiwa kuihifadhi. Nakala itakayochukuliwa kwa kipimo kisicho chake ndiyo watakayoisikia wajukuu, na huenda santuri yenyewe ikawa imekwisha vunjika.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika waliandike sharti la vipimo katika kila zabuni, na kabla ya kutia saini wamwite fundi pamoja na mzee aliyezoea sauti zile, chombo kijaribiwe kwa santuri ya hapa petu. Bei iwe jambo la mwisho kuulizwa. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu imo ndani ya mifuo ile.