Mchezo wa nyambizi: lenga mwenyewe, uone unachopiga

Katika Silent Hunter III, mchezo wa nyambizi wa mwaka 2005, wengine wanaachia kompyuta ilenge kwa niaba yao. Ni kosa. Anayelenga mwenyewe anapima umbali, mwendo na pembe ya kila meli. Anapiga kwanza ile ya mbali, kisha ya karibu, ili torpedo zifike pamoja mbele ya msafara kutawanyika.

Kupima hivyo kunakulazimisha uitazame meli. Na ndani ya meli mna watu. Tarehe 24 Desemba 1944, karibu na Cherbourg, nyambizi ya Ujerumani U-486 ilipiga Léopoldville, meli ya Ubelgiji ambayo zamani ilisafiri hadi Congo yetu. Askari zaidi ya 700 wa Marekani walikufa.

Sisi tunaanza mchezo upya. Wao hawakuanza upya.