Asante kwa Kuwasiliana Nasi

Mwenye duka la mtandaoni, awe anauza viatu vya mtumba Manzese au keki za harusi Mombasa, hakosi kutumiwa ujumbe na mtu anayeahidi kumkuzia akaunti. Ahadi ni zilezile: wafuasi elfu kumi, programu ya kulaiki na kukomenti usiku kucha, roboti ya kujibu wateja. Upande wa pili wapo wanaoapa kwamba kila kinachofanywa na mashine ni uongo mtupu. Nina ubishi na pande zote mbili, ingawa si kwa kiasi kimoja.

“Wafuasi ni mtaji, hata wa kununua.” Hili halitupotezei muda. Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti bandia, na Justin Bieber peke yake akapoteza wafuasi zaidi ya milioni tatu. Kampuni ya Devumi ya Marekani, iliyokuwa ikiuza wafuasi wa namna hiyo, ilianikwa na gazeti la New York Times Januari 2018. Mwaka uliofuata mmiliki wake akakubali hukumu ya dola milioni 2.5. Lakini tuwaachie Wamarekani kesi zao. Shida ya muuza viatu ni kwamba wafuasi hao hawaulizi saizi. Anaposti, hakuna anayegusa, na Instagram, ambayo haimwonyeshi kila mfuasi kila posti, inauchukulia ukimya huo kama dalili kwamba bidhaa yenyewe haivutii. Amelipa hela ili afichwe.

“Roboti ikilaiki na kukomenti kwa niaba yako, nani anaumia? Ni salamu tu.” Hapa ndipo ninapogombana hasa. Programu iliyovuma kwa kazi hii iliitwa Instagress. Ulichagua alama ya reli au mji, nayo ikapita kwa watu usiowajua ikilaiki, ikikomenti, ikiwafuata kisha ikiwaacha, wewe umelala. Ilifungwa Aprili 2017 kwa matakwa ya Instagram, na Novemba 2018 Instagram ikatangaza kuanza kuondoa laiki na komenti zinazotoka kwenye programu za aina hiyo, ikiwataka wenye akaunti wabadilishe nywila. Bila shaka wabadilishe: walikuwa wamewakabidhi watu wasiowajua ufunguo wa duka.

Tuseme basi programu nyingine imepatikana, na haikamatwi. Bado dai halisimami, kwa sababu salamu si maneno tu. Anayekuuliza habari za nyumbani anasimama kidogo angojee jibu, na asiposimama unajua hakukusalimu. Kulaiki ni kusema nimeona. Kukomenti ni kusema nimeona na nina la kusema. Roboti haijaona kitu. Ndiyo maana mtu anaweka picha ya mama yake aliyezikwa jana, ameandika jina la mji wao, na chini yake panatokea: “Kazi nzuri! Karibu dukani kwetu.” Hasira yake haiendi kwa roboti. Inamwendea mwenye duka, kwa jina la duka, na kabla ya jioni picha ya komenti hiyo imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima. Muuzaji naye hajui kwa nini binamu watatu wameacha kununua kwake.

Nawageukia wenye msimamo mkali. “Posti iliyopangwa mapema ni unafiki.” Kwa nini? Gazeti huandaliwa usiku, vipindi vya redio hurekodiwa siku kadhaa kabla ya kurushwa, na hatujasikia msomaji au msikilizaji akilalamika kudanganywa. Muuza keki anayepiga picha zake zote Jumapili, akaandika maelezo kwa mkono wake na kuziratibu zitoke jioni watu wakiwa kwenye foleni, hajamdanganya mtu. Keki ni yake na maneno ni yake. Mashine imebonyeza kitufe tu.

Ila posti iliyopangwa haijui kilichotokea baada ya kupangwa. Januari 2013, Uingereza ikiwa imechafuka kwa habari za nyama ya farasi kwenye baga, akaunti ya Twitter ya maduka ya Tesco iliwaaga wateja kwa msemo wa kwenda kulala wenye kutaja majani makavu, chakula cha farasi. Tesco wakaomba radhi: ujumbe ulikuwa umepangwa kabla. Usiku wa 17 Machi 2021, Watanzania walipotangaziwa kifo cha Rais John Magufuli, aliyekuwa ameratibu shamrashamra za asubuhi alikuwa na saa chache tu za kuzizuia. Ratibu, lakini ujue kitufe cha kusitisha kiko wapi.

“Mteja anataka jibu la haraka, lijibiwe na yeyote.” Nusu kweli. Mwaka 2022 msafiri mmoja aliyefiwa na bibi yake aliiuliza roboti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Ikamwambia akate tiketi kwanza, aombe punguzo ndani ya siku 90. Kampuni ikakataa kulitoa. Mbele ya baraza la usuluhishi ikajitetea kana kwamba roboti ina akili na dhamana yake yenyewe, na Februari 2024 ikaamriwa kulipa. Dukani mwako mambo ni madogo zaidi, ila si tofauti. Mteja akiandika “mwisho ngapi?”, roboti humrudishia orodha ya bei, wakati yeye amefungua mazungumzo. (Na wanaolalamika kuchoka na maswali ya bei ndio haohao wanaoandika “bei njoo inbox”. Wakiandika bei chini ya picha, nusu ya kazi wanayotaka kuitafutia roboti itakwisha yenyewe.)

WhatsApp Business, iliyotoka 2018, inakupa bure ujumbe wa kukaribisha na wa kusema haupo. Wengi huuacha useme “asante kwa kuwasiliana nasi”, basi. Uandike useme kitu: kwamba ujumbe huu unatumwa na mashine, duka linafunguliwa saa tatu, bei ziko kwenye katalogi, na ambaye mzigo wake umechelewa apige namba fulani, atapokelewa na mtu.

“Wakubwa wote wanatumia mashine.” Wakubwa wana vijana watano ofisini wa kufuta komenti iliyokosewa kabla hujaiona. Wewe una simu moja, na kwa sasa iko kwenye chaji.